Mgeni Aliyeanzia Tiwi

Jambo lote lile lilitugharimu shilingi elfu arubaini na moja na mia sita, pamoja na shamba la ekari saba ambalo halikuwa letu. Nimehesabu mara mbili. Elfu ishirini na nane na mia nane ilikuwa kodi ya seva kwa miezi kumi na miwili. Elfu kumi na mbili na mia nane ilikuwa laptop ya mkono wa pili niliyoinunua Ukunda kwa jamaa aliyeapa kwamba haijapata kufunguliwa tangu itoke kiwandani, ilhali bisibisi ilikuwa imeacha alama kwenye kila skrubu. Zile ekari saba sikuziandika popote mwaka ule. Nimeziongeza juzi tu, Msambweni, kwenye hitima ya Mzee Bakari, nilipokuwa nimeketi mkekani bega kwa bega na mwenye shamba.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nauza simu kuukuu na chaja kwenye kibanda karibu na stendi ya Ukunda. Mzee Bakari alikuwa karani mstaafu aliyetumia nusu ya umri wake kunakili kwa mkono orodha za zamani za mashamba ya makazi: nani alipewa kipande kipi, ekari ngapi, mpaka wapi. Madaftari kumi na moja, mwandiko mzuri kama wa msahafu. Alitaka yaingie kwenye kompyuta ili mtu yeyote wa pwani hii aandike jina la babu yake na kuona alichoachiwa. Alikuja kibandani kwangu kununua chaja ya mia mbili, akaondoka nayo kwa mia tatu na hamsini, tena akashukuru. Kesho yake akarudi. "Mwanasha mwanangu," akasema, "mtu anayeweza kunifanya nishukuru kwa kuibiwa, namtaka awe upande wangu." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kununua vitu kwa bei ya chini, na baadaye ya kuchapa, na baadaye ya kuhesabu wageni, na mwishowe ya kunyamaza, ambayo haikuwa na mshahara.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya kinyozi. Kilikuwa na madirisha mawili, moja halifunguki. Ngazi zilikuwa za chuma, na mtu akipanda ulimjua kwa uzito wake kabla hajapiga hodi. Kwenye kona ya sakafu palikuwa na tundu ambapo zamani bomba la maji lilipita, na kupitia tundu lile yalipanda maneno yote ya kinyozi na wateja wake, pamoja na harufu ya spiriti. Tulikuwa watatu. Mzee Bakari alikaa mezani karibu na dirisha linalofunguka. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Wa tatu alikuwa Mutua, fundi wa programu, kijana wa bara aliyekuwa amefanya kazi kwenye hoteli moja ya Diani mpaka wageni wakapungua naye akapunguzwa pamoja nao. Mutua alikuwa mtaratibu, alikula polepole, na alikuwa na tabia mbaya ya kusoma maagizo mpaka mwisho.

Adhuhuri mke wa Mzee alituletea kikapu: wali wa nazi, mchicha, na samaki wa kupaka siku ambayo bahari imekuwa karimu. Alisimama mlangoni, akauliza, "Mwenyewe yupo?" Mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, hatua mbili. Katika miezi yote ile sikumsikia mama yule akimtaja mumewe kwa jina, na hapo hasa ndipo ilipokuwa kazi yetu. Siku za kugawa mashamba, makarani walipita nyumba kwa nyumba mchana, wanaume wako baharini au shambani, wakawakuta wake. "Mumeo anaitwa nani?" Mwanamke aliyefundwa akafundika hamtaji mumewe. Basi alitoa jina la utani, lile la nyumbani, alilopewa mumewe utotoni na mama yake au na bibi yake. Karani wa mbali akaliandika jinsi sikio lake lilivyolipokea. Ndiyo maana mtu alikuja kumtafuta babu yake Salimu Mwinyi, akaambiwa hayumo, kumbe yumo, ameandikwa Pakacha.

Mzee Bakari alikuwa amelitatua hilo kwa miguu yake. Alizunguka vijiji, akianzia Tiwi, akashuka Diani, Kinondo, Gazi, mpaka Msambweni, akikaa na vikongwe na kuokota majina ya nyumbani. Yalikuwa mia sita na kumi na moja. Mimi ndiye niliyeyachapa, kwa mpangilio uleule wa safari yake, na Mutua akaufundisha mtambo wa kutafutia kwamba mtu akiandika Salimu Mwinyi, umtafute na Pakacha pia. Orodha ile ilikuwa faili moja, nyembamba, ambayo ungeweza kuisoma yote ukinywa chai. "Hii ndiyo kufuli na ufunguo kwa pamoja," alisema Mzee siku nilipomaliza kuichapa. Nikacheka. Nilidhani anasifu uchapaji wangu.

Sasa, mtambo wa kutafutia peke yake ni kama mpishi hodari asiyejua kuwapokea wageni. Anataka nyumba: mlango, baraza, mtu wa kupokea maagizo na kupeleka sahani. Nyumba hiyo nayo ni programu, na wenyewe wanaiita kontena. Mutua alikuwa na mbili za kuchagua. Kulikuwa na lile kubwa, linalosimama peke yake, lenye vyumba na komeo na orodha ya nani ana ufunguo wa chumba gani, lakini lilikula kumbukumbu ya seva kama mgeni wa arusi. Na kulikuwa na lile dogo, ambalo lilikuja bure ndani ya furushi la mtambo wenyewe. Ulilifungua, ukaandika mstari mmoja, likaamka.

"Hili dogo ni la kujaribia tu," Mutua alisema. "Imeandikwa hapa. Ukurasa wa usimamizi hauna nywila. Mtu akijua namba ya mlango wa nyuma anaingia, anaona kila kitu."

"Kwani sisi hatujaribu?" nikamuuliza.

"Mwanasha, niko serious."

"Hata mimi. Lile kubwa linataka seva ya elfu tatu na mia tisa kwa mwezi. Nimeshaongea na yule wa Mombasa anayekodisha, amenishushia mpaka elfu mbili na mia nne kwa seva ya kumbukumbu nusu. Tofauti ni elfu moja na mia tano. Mara kumi na mbili, elfu kumi na nane. Na hili dogo ni nyongeza. Umenunua kilo ya muhogo, muuzaji akakutilia vipande viwili juu, utamrudishia?"

Mutua alimgeukia Mzee. Mzee Bakari alikuwa anamenya chungwa. Akasema jambo ambalo nilikuwa nalingoja, kwa sababu nilikuwa nimempikia maneno hayo tangu asubuhi. "Mtu akija kumuulizia marehemu babu yake, anapiga hodi, anaambiwa karibu. Haulizwi nywila. Mimi nywila sizitaki mlangoni kwangu." Alikuwa anasema juu ya mlango wa mbele, na Mutua alikuwa anasema juu ya mlango wa nyuma, na mimi nilijua tofauti yake vizuri sana. Nikaona chungwa limekwisha, nikasema, "Basi tumekubaliana."

Mutua alifanya jaribio la mwisho. Aliweka lile kubwa kwenye seva yangu ya nusu bei, na kila alasiri likavimba, likaanguka. Siku ya tatu akaliondoa, akaweka lile dogo, nalo likakaa. "Sawa," alisema, "lakini mimi nimesema." Nimewahi kulisikia neno hilo likisemwa kwa hasira, na kwa dharau. Yeye alilisema jinsi mtu anavyosema mvua itanyesha.

Mwezi wa kwanza tulipata wageni kumi na wanne kwa siku. Nilijua kwa sababu niliwahesabu mara mbili: waliopanda ngazi pamoja na waliopiga simu, kisha kila asubuhi nikafungua kumbukumbu za mtambo, ambamo lile kontena dogo liliandika mstari kwa kila swali lililoulizwa, saa yake, na namba ya mahali ulipotoka. Nilinakili kwenye daftari langu la jalada jekundu. Mutua alinicheka: nanakili kwa kalamu kitu ambacho kompyuta imeshakiandika. Nikamwambia kompyuta sijapata kuiona ikienda mahakamani kula kiapo.

Katika wageni wale ndimo alimokuja Bi Mejumaa. Alikuwa mama wa makamo wa Msambweni, mshonaji wa vitanga vya ukindu, mwenye sauti ndogo. Alimtafuta baba yake, Hamisi Juma, hakumwona. Alirudi mara ya pili, hakumwona. Mara ya tatu alikuja na mama yake, kikongwe asiyeona vizuri, ikabidi Mutua ambebe ngazini. Mzee akampa kiti, akampa maji, akamsalimia kwa shikamoo ijapokuwa naye mwenyewe alikuwa na mvi kichwa kizima. Kisha akamuuliza kwa upole siku ile makarani walipokuja aliwaambia nini. Kikongwe akaona haya. Hata miaka ile yote baada ya mumewe kufa, aliona haya. Alimvuta Mzee sikio, akamnong'oneza. Mzee akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: Kifuu. Mumewe alipokuwa mtoto mchanga alikataa kikombe, akawa anakunywa maji kwa kifuu cha nazi tu. Nikaliongeza mwisho kabisa wa orodha, namba mia sita na kumi na mbili. Mutua akabonyeza, na pale kwenye kioo akatokea Kivu, jinsi karani alivyolisikia, Msambweni, ekari saba.

Bi Mejumaa hakupiga kigelegele. Aliweka mkono juu ya kioo, akauacha pale, akamwambia mama yake, "Yumo." Shamba lenyewe lilikuwa limegeuka pori tangu kikongwe alipohamia mjini kwa maradhi. Katika orodha nzima, lililokuwa tupu na bila hati lilikuwa hilo moja. Alitakiwa apate cheti cha kifo cha baba yake kwanza, kisha aende ofisi ya ardhi. Alituletea maandazi siku mbili baadaye. Wiki tatu baadaye mama yake alifariki, na kazi ya vyeti ikasimama kwa eda za moyo na gharama za mazishi. Jina la Kifuu likabaki kwa watu wanne, yaani Bi Mejumaa, Mzee, Mutua na mimi. Na mtambo.

Yule mgeni mwingine alikuja mwezi wa saba. Kwanza nilimpenda. Asubuhi moja nilihesabu maswali kumi na manne ya kawaida, na mengine thelathini yote kutoka namba moja. Kesho yake thelathini tena. Siku ya tatu thelathini, baada ya alasiri, swali baada ya swali, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Nikamwonyesha Mzee. "Tumepata msomi," nikasema. Wafadhili wetu, watu wa mbali ambao sikupata kujua wanakula nini, walikuwa wanakuja kututazama kabla ya kuamua kama watatulipia mwaka wa pili, na walichotaka kujua ni kimoja: wageni wangapi? Kumi na wanne ni idadi ya kuona aibu. Arubaini na wanne ni mradi. Nilimhesabu yule mgeni mara mbili kwa furaha, na furaha yangu nayo imo kwenye daftari, nimepiga mstari chini kwa wino mwekundu.

Ndipo siku moja, tukila mihogo ya nazi, mashine ya kinyozi ikanyamaza chini na sauti ya mtu ikapanda kupitia tundu la bomba. Ilikuwa sauti laini ya mtu aliyesoma chuo akajua na mambo ya mjini. "Siku hizi huna haja ya kujua shamba liko wapi," alisema. "Wahitaji kujua mke wa marehemu alimwita mumewe nani. Ukimpata shahidi mmoja wa kulitamka jina lile mbele ya karani, basi, wewe ni mwana." Kinyozi akacheka: "Na jina lenyewe utalipata wapi, utafukua kaburi?" Ile sauti ikajibu, "Yako mahali hayafungwi. Hao jamaa hawana choyo, wallahi." Mashine ikaanza tena. Mzee Bakari alikuwa anasikia kwa sikio moja tu, na lile lilikuwa upande wa dirisha. Mutua alikuwa na spika za masikioni. Nikaenda dirishani. Nilimwona mtu wa kanzu safi akivuka barabara, akimpisha mama mwenye mzigo, akimwamkia. Kilichonitisha ni ile adabu.

Nilirudi kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu. Nilisoma. Maswali ya jana yalikuwa: Pakacha, Msumari, Mapepe, Kijiti. Vidole vyangu vilijua kabla ya kichwa. Nilikuwa nimeyachapa hayo majina, moja baada ya jingine, hivyohivyo. Hayakufuata alfabeti. Hakuna mtu duniani angeyauliza kwa mpangilio ule isipokuwa ana orodha yetu mkononi. Nikafunua nyuma mpaka siku yake ya kwanza, na kweli, alikuwa ameanzia Tiwi, kwa majina kumi na mawili tu. Kabla ya swali la kwanza palikuwa na mstari mmoja ambao nilikuwa nimeunakili bila kuuelewa: namba ileile ilipita mlango wa nyuma, ikafungua ukurasa wa usimamizi wa lile kontena dogo, ikasoma faili la majina. Dakika moja na nusu. Tangu hapo alikuwa anatembea kuja kusini, kijiji kwa kijiji, akilijaribu kila jina aone lina ekari ngapi na limelala wapi. Jana alikuwa Gazi.

Mutua alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Ningemgusa bega. Badala yake nilichukua kalamu. Jana alifika jina la mia tatu na arubaini na mbili. Mia sita na kumi na mbili, toa hizo, zimebaki mia mbili na sabini. Kwa thelathini kila siku, siku tisa. Wafadhili wanakuja siku ya nane. Kuuhamisha mtambo wote kwenye lile kontena kubwa kungetaka siku mbili mlango umefungwa, na kabla ya siku ya nane mlango uliofungwa ungekuwa na wageni sifuri. Lakini jioni ya siku ya nane, wafadhili wakishaondoka, tungefunga, na Kifuu angekuwa bado hajafikiwa. Nilikuwa na siku moja ya ziada. Niliirudia hesabu. Ilitoka vilevile. Naapa kwamba nililala vizuri usiku ule. Mtu aliyepata bei nzuri hulala.

Siku zile nilikuwa nikifika ofisini wa kwanza. Thelathini. Thelathini. Thelathini. Alipita Gazi akaimaliza, akaingia Msambweni kwa upande wa hospitali, na mimi nikawa nayafuata majina jinsi unavyofuata nyayo za mtu mchangani, ila zilikuwa zinaelekea nyumbani kwa mtu ninayemjua. Bi Mejumaa alipita siku ya sita kutueleza kwamba cheti kimekaribia kutoka. Alikuwa amevaa leso mpya. "Mnaonekana mmechoka, wanangu," alisema. "Hasa wewe, Mwanasha. Umekonda." Nikamwambia ni joto. Akaniachia kitanga kidogo alichokishona mwenyewe, akakataa pesa, na mimi, ambaye sijapata kukataa nyongeza, nikajaribu kukirudisha. Akanishangaa.

Siku ya nane wafadhili walipanda ngazi wanne, tukaazima viti kwa kinyozi. Palikuwa na sambusa na maji ya chupa. Mutua alikuwa ameazima mashine ya kurushia picha ukutani, na lilikuwa wazo langu kwamba tuwaonyeshe maswali yakiingia saa ileile, mstari kwa mstari, ili waone mradi ukipumua. Baada ya alasiri yule mgeni alianza. Ukutani yalipanda majina, nasi tukaeleza: huyu ni babu wa mtu, huyu ni babu wa mtu. Thelathini zikatimia. Nikavuta pumzi, nikachukua sambusa. Ya thelathini na moja ikaingia. Ya thelathini na mbili. Sijui kwa nini siku ile aliharakisha. Labda naye alikuwa na wageni. Nilikuwa nimehesabu majina na siku na shilingi, mara mbili mbili, lakini sikuhesabu kwamba mtu anayetembea anaweza kukimbia. Nilisimama pale na sambusa mkononi nikiyaona yakipanda. Waya wa seva haukuwa chumbani. Hapakuwa na kitu cha kuchomoa. Ningeweza kusema, "Mutua, zima." Maneno mawili. Ya sitini ikaandikwa ukutani, kwa herufi za ukubwa wa kiganja: kifuu. Na chini yake, tokeo moja. Mfadhili mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Mzee Bakari aliinamisha kichwa kwa furaha, na baada ya hapo ukuta ukabaki mtupu. Mgeni alikuwa amefika.

Jioni ileile, nilipokwisha kunakili mistari ya siku ile daftarini, nilimwambia Mutua aweke lile kubwa. "Kwa nini leo?" aliuliza. Nikasema pesa za mwaka wa pili zimepatikana. Alikodi seva kubwa kwa pesa hizo, akaifuta ya zamani yote, na kumbukumbu za mtambo zikaenda nayo. Kilichobaki duniani cha safari ile kilikuwa daftari la jalada jekundu.

Miezi miwili baadaye Bi Mejumaa alipanda ngazi taratibu kuliko siku zote. Alikuwa ametoka ofisi ya ardhi. Aliketi kwenye kiti alichokalia mama yake.

"Shamba lina wenyewe," alisema. "Wanawe Kivu walikwenda mwezi uliopita. Wana vyeti. Wana na shahidi, mzee mwenye ndevu, ameapa."

"Lakini wewe ndiye mwanawe," Mzee alisema.

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakaniuliza baba yako nyumbani aliitwaje. Nikasema Kifuu. Karani akacheka, akasema, mama, hilo hata wenzako walilitaja." Alikunja leso mapajani, akaikunja tena. "Walijua na habari ya kikombe, Mzee. Walijua hata hiyo."

Ile habari ya kikombe niliichapa mimi mbele ya jina, kwenye faili, kama pambo.

Mzee Bakari alimtazama Mutua, tazamo moja fupi, akaona haya kwa kutazama, akageukia dirisha. Lakini Mutua aliliona. Watu wanne walilijua lile jina, na mmoja wao alikuwa mtu wa bara. Wiki ile habari ilikuwa imeshashuka kwa kinyozi kupitia tundu la bomba. Mutua alivumilia mpaka mwisho wa mwezi, akafunga begi lake, akaniambia, "Mwanasha, mimi najua sikuuza. Wewe unajua?" Nikamwambia najua. Akaridhika, masikini, alidhani nasema kwa imani.

Nimekuwa mtu wa hesabu tangu hapo, kwenye duka langu mwenyewe, na watu husema Mwanasha hadanganyiki. Daftari lilikaa chini ya sanduku. Mzee Bakari alipofariki, mjane wake alituma neno kwamba mwenye karatasi zozote za mwenyewe azirudishe, na juzi nililitia mkobani nikaenda nalo Msambweni. Nilikuwa nimeazimia kulichanganya na karatasi nyingine kimyakimya na kuondoka. Chumba cha wanawake kilikuwa na joto la uji na udi. Wakaniambia songa, nikasonga, na nilipogeuka aliyekaa kando yangu alikuwa Bi Mejumaa, amezeeka, macho yameanza kuwa ya mama yake. Tulishikana mikono. Tukamrehemu Mzee. Alikula biriani yake kwa vidole vitatu, akanong'ona ili asiwashtue wasomaji.

"Kesi bado ipo, wajua? Binti yangu ameishika. Wakili amesema haina miguu: hatuwezi kuonyesha walilipata wapi lile jina. Sasa wale watu wametuma mtu. Wanatoa laki mbili, nitie dole gumba, yaishe. Wanataka jibu Jumatatu." Akasogea karibu zaidi. "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa bei. Laki mbili kwa ekari saba, ni bei nzuri? Nishauri."

Niliweka sahani chini. Nilifungua mkoba, nikatoa daftari la jalada jekundu, nikaliweka juu ya mkeka kati ya goti langu na goti lake, na nikalifunua mahali penye mstari wa wino mwekundu.

"Usitie dole, Bi Mejumaa," nikamwambia. "Humu mna jina la baba yako, na saa lilipotajwa, na namba ya aliyelitaja. Tena mna mtu aliyemwona akija siku nane nzima, akanyamaza, na mtu huyo si Mutua. Nitakusomea yote, na kwa wakili nitakwenda nawe. Lakini nikishamaliza kusoma, naomba wewe ndiye unishauri: hili nitakulipaje?"